Mahali Veikko Salmela Hakutaka Patajwe

Mchungaji, wifi yangu Marlene, watoto, majirani wa Alder Creek na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imenipa mimi, Taimi, dada yake wa pekee, kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu Veikko Johannes Salmela, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba maandishi haya yalisahihishwa na binti yake Carol, ambaye aliyafuta baadhi ya maneno kwa heshima ya marehemu, na mimi nimeyarudisha yote.

Veikko alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, hapa Alder Creek, kaskazini mwa Michigan, ndani ya sauna ya nyumbani, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, kama wengi wa rika lake, akiwa mtoto wa kwanza wa Eino Salmela, mchimbaji wa shaba, na mkewe Hilja, nami nikamfuata mwaka 1952, tukawa wawili tu. Baba alifia mgodini mwezi Novemba 1955, na tangu hapo mama alitulisha kwa kufua nguo za watu majira ya baridi na kuuza bluberi majira ya joto, yale matunda madogo ya buluu ya msituni, bluberi alizozichuma mahali pamoja alipopagundua mwenyewe, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyepajua. Siku alipotupeleka huko mara ya kwanza alitusimamisha mbele ya vichaka, akatushika mikono, akasema, "Msimwambie mtu. Hata mchungaji akiuliza, mwambieni tumezinunua."

Nasikia mnacheka huko nyuma, na mnacheka kwa sababu mnajijua, kwani nusu yenu mlioketi humu kila Agosti mnaegesha gari penye barabara isiyo yenu, mnazunguka msitu ili jirani asijue mlikotokea, na mkirudi mnafunika ndoo kwa koti utadhani mmeiba. Lakini ninyi mna kiasi. Veikko hakuwa nacho.

Alisoma shule ya hapa Alder Creek hadi alipohitimu mwaka 1964, mwalimu wake akiandika kwamba ni kijana mwenye bidii asiyesikiliza, jambo ambalo kwa kiasi fulani halikuwa kosa lake, maana sikio lake la kushoto halikusikia tangu alipougua surua, na kwa sababu hiyo hata jeshi halikumchukua, ila sikio la kulia lilikuwa zima kabisa na hilo alilitumia pale tu alipopenda. Alifanya kazi mgodini hadi ulipofungwa mwaka 1969, kisha akaajiriwa na idara ya barabara ya wilaya, akaendesha gari la kusukuma theluji mpaka alipostaafu mwaka 2008, na katika miaka hiyo yote hakuna mgonjwa wa mji huu aliyekosa kufika hospitali kwa sababu ya theluji, hilo nalisema kwa fahari na sitaki mtu alipunguze.

Sasa nafika kwenye dubu, ambao Carol aliwaandikia mstari mmoja tu.

Tarehe 14 Agosti 1971 tulikwenda kuchuma, yeye na mimi, mama akiwa tayari anaumwa magoti, na Veikko alikuwa ameinama kichwa kikiwa ndani ya kichaka, sikio bovu upande wa msitu, wakati dubu mweusi dume alipotokea akila upande wa pili wa kichaka hichohicho. Kaka yangu, ambaye alikuwa amesikia kwa walevi wa baa kwamba ukikutana na dubu ulale kifudifudi na kujifanya maiti, alilala, na yule dubu, ambaye hakuwa amesikia habari hizo, alimshika bega kwa meno akaanza kumburuta kuelekea mitini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoo ya mama ya bati, imejaa. Nilimpiga yule mnyama puani, nikampiga tena machoni, nikapiga kelele zote nilizokuwa nazo kifuani, mpaka akamwachia akaondoka zake, na maneno ya kwanza ya kaka yangu, damu ikimchuruzika hadi kiunoni, yalikuwa, "Taimi, umezimwaga zote!"

Nikamwambia, "Inuka, mjinga wewe, twende kwa daktari," naye akainuka, lakini njia nzima hakuzungumzia bega, alizungumzia tutakachomwambia askari wa wanyamapori, na tulipofika akasema alishambuliwa peke yake kwenye shamba la Bwana Hytönen, maili nyingi kutoka pale. Mimi aliniondoa kwenye hadithi kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye bila haya, wakijua nilikuwepo wataniuliza mimi ni wapi, na uso wangu hauwezi kudanganya. Basi serikali ikapeleka mtego wa pipa shambani kwa Bwana Hytönen, ukiwa na mafuta ya nguruwe na donati zilizochacha, ukamnasa mbwa wake mara tatu, na Bwana Hytönen, ambaye namwona ameketi pale dirishani, kwa miaka hamsini amekuwa akijiuliza serikali ilikuwa na ugomvi gani naye. Hii ndiyo sababu, jirani. Tunaomba radhi.

Tangu siku hiyo Veikko alisimulia kila mahali penye kahawa kwamba alilala kimya kama gogo na dubu akachoka akaenda zake, na ninyi mlimwamini, na watoto wenu wakamwamini.

Tarehe 9 Juni 1973, ndani ya kanisa hili, alifunga ndoa na Marlene Lindqvist, na Mungu akawajalia watoto wawili, Carol na Dale, na baadaye mjukuu mmoja, Krista. Alikuwa mume mwaminifu, hakunywa kupita kiasi, hakumpandishia mkewe sauti, na hakumwambia bluberi zinatoka wapi. Wifi yangu alipouliza, aliambiwa ni kwenye kilima kilicho juu ya ziwa, akaamini, kwa nini asiamini.

Ndiyo maana tarehe 20 Agosti 2009, Veikko alipokosa kurudi nyumbani jioni, Marlene aliwaelekeza watu kwenye kilima cha juu ya ziwa, na wanaume wa mji huu, wengine mko humu, mlikesha mkiita jina lake huko kwenye mvua, wakati yeye alikuwa upande mwingine kabisa wa wilaya, paja limechanwa na dubu wa pili, mguu umevunjika. Safari hii hakulala kifudifudi, alipigana kwa ndoo na kwa ngumi mpaka dubu akakimbia, kwa hiyo msiniambie hakujua kwamba kulala hakusaidii. Alijua. Mimi nilikuwa mjini Duluth kwa matibabu, na mwanangu Ray alipokuwa akinirudisha kesho yake tulipata habari kwenye kituo cha mafuta, tukaenda moja kwa moja pale mahali pa mama, tukamkuta ameegemea mwamba, midomo imekuwa ya buluu, ndoo iko kando yake, ameifunika kwa kofia.

Nililia. Yeye akauliza, "Nani mwingine anajua mko hapa?"

"Hakuna, lakini Ray anajaribu kuita gari la wagonjwa sasa hivi."

"Asiite. Nipelekeni kwanza kwenye tuta la reli, waje wanichukulie huko."

"Veikko, unavuja damu!"

"Nimevuja tangu jana, Taimi. Kidogo kingine hakitaniua."

Mnaniuliza kwa nini tulimkubalia. Ukweli ni kwamba mahali pale simu haishiki, tuta la reli ndiko inakoshika, kwa hiyo tulilazimika kumburuta kwa turubai hata hivyo, ila yeye hadi kufa aliamini kwamba alishinda ubishi. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu mguu ungekatwa, na tangu hapo alichechemea, na ninyi mkaambiwa dubu alimkuta relini. Wifi Marlene alikaa kando ya kitanda chake hospitalini, akamwambia, "Miaka thelathini na sita nakupikia pai za bluberi hizo, Veikko, na kama ungekufa nisingejua hata pa kuweka maua." Naye akageuza sikio la kushoto.

Nilimkasirikia siku ile, na bado nimemkasirikia leo akiwa amelala hapa mbele yangu. Nilimpenda pia, mjue, hakuna aliyenipenda kama yeye baada ya baba kufa, na najua alichokuwa akikilinda hakikuwa matunda, alimlinda mama, aliyetulisha kwa siri ile. Lakini mama alitaka tusife njaa, hakutaka tufie porini.

Afya yake ilianza kuzorota mwaka 2020, moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 12 Julai 2022, siku ya Jumanne, akafariki akiwa na miaka sabini na sita, mkewe akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla aliniita akaniambia, "Taimi, niahidi hutapataja," nikamjibu, "Sitapataja maadamu uko hai," akaridhika, kwa sababu hakuwahi kusikiliza sentensi hadi mwisho.

Nilidhani siri itakwenda naye. Juzi Krista alikuja kwangu kuazima ndoo ya mama, maana babu yake alimwonyesha mahali pale kwenye ramani kabla ya kufa, akamwapisha kama tulivyoapishwa sisi.

Nikamwuliza, "Unakwenda na nani?"

"Peke yangu, Bibi. Babu alisema peke yangu."

"Na dubu akitokea?"

"Nitalala kifudifudi nitulie, si ndivyo Babu alivyopona?"

Basi nilikaa kitini, nikachukua kalamu, nikayarudisha yote Carol aliyoyafuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira ambayo hakuistahili, wafanyakazi wenzake wa barabara waliobeba jeneza, akina mama waliopika chakula kinachotungoja chini ukumbini, na wanaume waliokesha kwenye mvua mwaka 2009 wakimtafuta mahali ambapo hakuwepo. Nanyi kwa kuwa mlimtafuta, mna haki ya kujua.

Shikeni barabara ya kinu cha zamani, vukeni kijito pale palipokuwa na daraja la reli, fuateni tuta kushoto hadi mwamba mkubwa uliopasuka katikati, kisha pandeni nyuma yake. Ni hapo. Bluberi zinatosha mji mzima, na dubu pia wapo, kwa hiyo msiende mmoja mmoja, semeni nyumbani mnakwenda wapi, na dubu mweusi akikuvamia usikimbie na usilale, simama, piga kelele, mpige puani na machoni kwa chochote ulichoshika, maana hivyo ndivyo Veikko alivyopona mara zote mbili, na mara ya kwanza ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

Krista, usilie, hukuvunja kiapo, nimekivunja mimi. Jumamosi ya kwanza ya Agosti tutakwenda wewe, mimi na bibi yako Marlene, ambaye atatangulia, akapaone.

Lala salama, kaka yangu. Kama umenuna, ningojee huko, nikija tutagombana vizuri.