Somo la Siku ya Mkaguzi

Mshonaji alipanda treni ya jioni akiwa na nia moja tu, kusinzia. Lakini kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu wa kike mwenye vumbi la chaki mikononi alikuwa akimweleza mzee mmoja mwenye tai, ambaye alijuana naye humo humo garini, kwamba mkaguzi wa shule amempa alama ya wastani. Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kombe. Usingizi wa mshonaji ukaruka.

"Mwanangu, mimi nimefunza walimu chuoni miaka nenda rudi," mzee akasema. "Akija mkaguzi unarudia somo la jana. Watoto wanajibu kama kasuku, kila mtu anarudi kwake na furaha yake."

"Wenzangu ndivyo walivyofanya, baba. Mimi nikaanza hesabu za sehemu, somo jipya kabisa. Si mtaala mpya unataka mtoto afikiri? Basi wakafikiri, wakakosea, ubao ukajaa makosa. Halafu binti mmoja ambaye muhula mzima hajafungua mdomo akasimama: 'Mwalimu, mbona hapo ubaoni robo imeizidi nusu?' Weee! Darasa zima likaanza upya, bila mimi."

"Na mkaguzi?"

"Alikuwa ameshatoka."

Mzee akaguna. Alama ndizo zinazompandisha mtu cheo, akasema, na mkaguzi hawezi kuandika asichokiona. Mshonaji, ambaye hakuulizwa, alikuwa upande wa mwalimu, maana naye ana mtoto nyumbani anayejua majibu yote ya jana.

Treni ikafunga breki. Mwalimu akatundika mkoba begani.

"Na akirudi kesho?" mzee akamuuliza.

"Atatukuta kwenye somo la kesho, baba," akasema, akashuka.