Mtoto Aliyekatazwa Kuliliwa

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na nyie wenzetu wa kanisani, tumsifu Yesu Kristo. Niacheni niseme nikiwa nimekaa, maana nikisimama sauti inanikimbia.

Mimi nilizaa mtoto wa kiume, hapa hapa Bagamoyo. Akafariki kabla ya siku ya saba, ile ya kunyolewa nywele na kupewa jina. Wanaume wakaenda kumzika, mimi nimebaki chumbani maziwa yananitoka. Wifi yangu akanifunga kanga kifuani, akaniambia: "Usimlilie. Ni malaika yule, utamzuilia njia." Nikanyamaza. Nani anataka kumzuilia njia mwanawe?

Ndugu zangu, nawaambia, nilinyamaza mpaka mwili ukaniasi. Mkono wa kushoto, ule niliompakatia, ukafa ganzi. Chakula kikawa mchanga mdomoni. Siwafichi, niliomba nilale nisiamke tena. Hospitali wakapima damu, wakapima moyo: "Mama, huna ugonjwa." Mganga akasema nina jini, linataka ngoma. Shehe akanisomea, nikapumua kidogo, kesho yake vile vile. Nilikuwa kama samaki pale mnadani, huyu anachukua kichwa, yule mkia. Mume wangu akaacha hata kuniuliza hali.

Ndipo akaja somo yangu kutoka Miono, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimelala, kuinuka siwezi. Akaitikia marahaba, akaanza kuukanda mkono kwa mafuta ya nazi. Hakuuliza panauma wapi. Akauliza: "Alifanana na nani?"

Wallahi, hakuna aliyewahi kuniuliza! Nikamwambia ana masikio ya babu yake. Nikamwambia alivyokuwa akinishika kidole akinyonya. Nikalia, nikalia, mpaka wifi akaja mlangoni kunikanya. Somo akamgeukia: "Muache mama wa watu. Malaika njia yake anaijua. Aliyepotea ni huyu."

Kisha akanirudisha hospitali. "Mwambie daktari haya uliyoniambia mimi." Nikasema yote. Daktari akaweka kalamu chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikapewa vidonge, na siku za kurudi kuzungumza. Vidonge nameza na dua nasomewa, sikuacha hata kimoja.

Sijapona yote, nisiwadanganye. Mkono bado unakufa ganzi, na kuna asubuhi nageukia ukutani, sitaki kuona mtu. Namshukuru somo yangu, namshukuru daktari, na nyinyi mnaokaa nami bila kuniambia nyamaza. Mkimwona mwenzenu anaumwa, msiishie kumuuliza panauma wapi. Muulizeni amempoteza nani.

Hapa kikundini tulikubaliana hatutaji majina ya watu. Leo niruhusuni moja tu. Siku ya saba hakuifikia, jina nimempa mwenyewe. Anaitwa Salehe. Mwiteni na nyinyi, jamani, nisikie mwanangu akiitwa.