Namba Tisa Ina Mwenyewe

Benchi letu ni gogo la msonobari lililopasuliwa katikati, na liko mlangoni kabisa mwa kambi ya Sawpit, pembeni ya bomba la chuma ambamo kila anayelala hutumbukiza bahasha yake ya malipo. Hapa hakuna mambo ya kubuku. Ukiwahi unapata nafasi, ukichelewa unakaa nasi benchini, unapewa kahawa na unaelezwa pengine pa kwenda hata kama hukuuliza. Sote tunaishi kwenye magari-nyumba tangu theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi, na sote tunajivunia kwamba hatujawahi kumpigia mtu simu kumwomba atuwekee pa kulala. Ukitusikiliza utadhani Idaho nzima tuliichora sisi.

Mwenye chupa ya kahawa ni Nadine, tunamwita Ramani, mwalimu mstaafu asiyeamini simu. Ramani zake za karatasi zimekunjwa mpaka zimelainika kama leso. Ubavuni mwake hukaa Royce, yaani Dizeli, aliyeendesha malori maisha yake yote na anayeamini kwamba palipolala lori, binadamu hawezi kukosa usingizi. Mimi naitwa Posta kwa sababu ya kazi niliyostaafu, na kazi yangu ya sasa ni kuwachokoza hao wengine. Halafu kuna Emmett, Mzee Kona, fundi wetu wa rivasi.

Ufundi huo nauelezea kidogo. Kambini kwetu karibu kila nafasi unaiingia kinyumenyume, na mbaya kuliko zote ni namba nne, Shimo la Aibu, iliyobanwa kati ya mti mnene na jiwe kubwa. Mgeni akianza kurudisha gari nyuma mle, watu hutoa viti vya kukunja, wakakaa kumtazama. Hatuna televisheni. Kona hukaa mbele kabisa akitoa hukumu: huyu amekata usukani mapema, huyu anatazama kioo kimoja tu. Zamani yeye na mkewe Lucinda waliliingiza gari lao mle kwa mpigo mmoja, Lucinda kasimama nyuma anaonyesha kwa mikono, wala mmoja hamfokei mwenzake, jambo ambalo kwa wanandoa wa kambini ni nadra sana. Lucinda alifariki mwaka juzi wakati wa baridi. Tangu hapo, lango likifunguliwa mwanzo wa msimu Kona huwa wa kwanza kuingia, na huenda moja kwa moja namba tisa, pale njia inapopinda. Namba tisa ina mdomo huku na mdomo kule. Unaingia mbele, unatoka mbele. Sisi tulisema mzee kapenda kivuli.

Ijumaa hiyo ilikuwa wiki ya mashindano ya farasi mjini Corley na kambi ilijaa tangu asubuhi. Lilibaki Shimo tu. Tulikuwa kwenye kikombe cha pili likaingia gari refu la rangi ya maziwa, taa za dharura zinawaka, mwendo wa kobe. Likasimama katikati ya njia. Akashuka mama mfupi mwenye mvi, akaacha injini inanguruma, akatujia huku anajisugua viganja.

— Samahanini. Nimeambiwa hapa hakuna kubuku.

— Hakuna, mama, Dizeli akamjibu. Ila hata nafasi hakuna, ukiacha Shimo, na Shimo si la mgeni.

Ramani akamkanyaga mguu, akasogea kumpisha mgeni akae. Jina lake Ardith Pell. Mumewe, Wendell, alipanda juu ya gari jana kusafisha paa, akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Mchana huo alikuwa anapasuliwa hospitali ya Corley, na moyo wake si mzima, kwa hiyo daktari alimwambia mama akae karibu na simu. Wakimwita, iwe mchana iwe usiku, awahi. Mlinzi wa hospitali alikuwa amemweleza kwa adabu zote kwamba kulala kwenye maegesho hakuruhusiwi. Hoteli za mji zilijaa watu wa farasi. Gari dogo hawakuwa nalo, walitembea na hilo hilo kubwa.

— Pole sana, mama, nikasema. Zima injini kwanza, upumzike.

— Liache tu, akasema.

Hatukumwuliza kwa nini. Tulikuwa tumeshapata tulichokuwa tunakitaka, yaani mtu asiye na pa kulala, na kila mmoja akaanza kukohoa kusafisha koo.

Ramani alifungua moja ya ramani zake magotini mwa mgeni. Alimweleza kwamba ardhi ya msitu ni ya umma na barabara zake zina vichochoro. Ukikuta mawe yamepangwa duara na masizi meusi katikati, ujue watu wamelala hapo kabla yako, hakuna atakayekuuliza. Dizeli akamsubiri amalize, kwa heshima anayoitumia mtu anayejiandaa kumharibia mwenzake.

— Huko simu inashika?

— Haishiki, Ramani akakiri.

— Basi hapo umechemka, mwalimu. Mama, nisikilize mimi. Kuna gereji pale Corley. Unafika, unawaambia gari linatoa mlio. Mlio gani? Hujui, wewe si fundi. Watakwambia uliache mpaka Jumatatu. Unalala uani kwao, na umeme unapewa.

— Na Jumatatu?

— Jumatatu mlio umepona.

Mgeni alitabasamu kidogo, akatazama gari lake, akatazama simu. Mimi nilikuwa nimevumilia vya kutosha. Nikamwambia kuna nyumba inauzwa njia ya kwenda mtoni, imekaa na kibao chake tangu mwaka jana. Aegeshe mbele yake, na akiulizwa aseme anataka kuona jua linavyoizunguka kabla hajaamua kununua. Dizeli alisema hiyo ni kamba tupu. Nikamwuliza mlio unaopona wenyewe ni nini.

Kona alikuwa bado hajasema. Yeye hupenda kuwa wa mwisho, kama hakimu. Akaweka kikombe chini.

— Makaburini, akasema. Pale kilimani. Nyasi zimekatwa, pametulia, na majirani hawana malalamiko.

— Mzee, Ramani akamwambia polepole. Mama ana mgonjwa.

Kona aliiva uso. Akahamia haraka kwenye uwanja wa kanisa, na alipoona kanisa limepita bila kupingwa akapata nguvu, akatoka hapo akaenda kwenye ule uwanja wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Njia imenyooka, alisema, hakuna mti hata mmoja.

— Na ndege ikija? Dizeli akauliza.

— Inaona gari.

— Rubani anaona gari, halafu anafanya nini?

— Anazunguka. Anayo mafuta.

Tulibishana juu ya mafuta ya ndege muda mrefu kuliko inavyostahili. Dizeli akaleta habari za kulala kwenye mashine ya kukamulia tufaha, Ramani akaleta harusi ambayo mtu anaweza kujifanya shangazi wa bwana harusi akalala mpaka Jumapili. Nakiri ilikuwa inanoga. Kila nilipomtazama yule mama alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini ambayo si yake. Mwishowe akaweka kikombe benchini.

— Niwaulize kitu kimoja, akasema. Katika sehemu zote hizo, ni ipi naweza kuingia na kutoka kwa kwenda mbele tu?

Niliipitia kichwani ile nyumba inayouzwa, nikaona kijia chake cha mawe kinachoishia ukutani. Bila shaka Dizeli naye aliuona ua wa gereji, na magari mabovu yaliyopangwa pande zote. Uwanja wa kanisa una lango moja. Tulikuwa tumelala kila mahali Idaho hii na hatukuwahi kupafikiria hivyo.

— Sijui rivasi, mama akasema. Wendell ndiye dereva. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kumwelekeza. Jana ndiyo mara ya kwanza kukishika kile kiti. Mbele naenda. Nyuma siwezi, ndiyo maana sizimi gari, naogopa nikilizima mahali pabaya ndiyo basi.

— Mimi nitakuingizia Shimoni sasa hivi, Dizeli akasema, akasimama kabisa.

— Asante, baba. Na wakiniita usiku huu, njia ikiwa imezibwa na gari la mtu mbele yangu, nikatakiwa kurudi hata hatua mbili? Nikuamshe?

— Niamshe.

— Na nikirudi alfajiri? Na kesho tena?

Dizeli akakaa. Alikuwa tayari kuamshwa, namjua, lakini aliona lile jambo lilivyo. Mama hakuwa anatafuta mtu wa kumwamsha. Alitaka akiitwa, aondoke.

Hapo sote tukatazama namba tisa, bila kupanga. Gari la Kona lilikuwa limetulia kwenye kivuli chake, turubai limenyooshwa, midomo miwili wazi. Halafu tukamtazama Kona. Yeye alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Nilimsubiri aseme neno moja tu, maana Shimo lilikuwa tupu na yeye ndiye bingwa wa Shimo. Akakizungusha kikombe. Nilikasirika, nasema kweli. Nilijiambia, kumbe mzee huyu ni mchoyo, na tumemnywesha kahawa miaka yote hii.

Akanyoosha mkono kwenye chupa, akaiinamisha. Ilitoa matone mawili na pumzi.

— Imekwisha, Ramani akamwambia.

— Hata mimi siwezi, Kona akasema.

Tulidhani anazungumzia kahawa.

— Rivasi. Tangu Lucinda aondoke sijarudi nyuma hata mara moja. Nikitazama kile kioo namtafuta. Sioni mti, sioni jiwe, namtafuta yeye. Nilijaribu mara moja, huko Oregon, nikagonga nguzo ya bomba la maji. Ndiyo maana nalala getini kabla hamjafika, niiwahi namba tisa.

Dizeli, ambaye ana neno kwa kila jambo, alivua kofia akaivaa tena. Nilikumbuka hukumu zote zile kutoka kwenye kiti cha kukunja, na jinsi tulivyocheka naye, na nikaona haya kwa kule kumwita mchoyo moyoni. Ardith peke yake hakuonekana kushangaa. Alimgeukia Kona kama watu wa kazi moja wanavyogeukiana.

— Mkeo alikuwa anatumia mikono au sauti?

— Mikono. Sauti haifiki.

— Haifiki, akakubali. Wendell husema niko kimya mno. Usukani bado unaujua?

— Usukani naujua.

— Basi mimi nitasimama nyuma.

Kona alichukua muda kulikunja turubai lake, na hakuna aliyemharakisha. Alitoka namba tisa kwa mdomo wa mbele. Ardith akapanda lake, akaingia kwa mdomo wa nyuma, taratibu, akasimama sawasawa chini ya kivuli, na hapo ndipo alipozima injini. Kambi ikawa kimya. Alishuka na vitambaa viwili vya kufutia vyombo, vya njano, kimoja kila mkono.

Habari ilikuwa imeshazunguka. Watu walitoa viti vyao kama kawaida, wakavipanga, wakakaa. Sijui nani alianza, lakini mmoja akasimama, akakikunja kiti chake akakiegemeza mtini, na wengine wakafuata. Tulitazama tukiwa wima.

Mama alikwenda akasimama kati ya mti na jiwe, mahali ambapo dereva angemwona kwenye kioo cha kushoto. Akainua vitambaa. Gari la Kona likaanza kurudi, likasita, likasimama kwa muda mrefu sana. Niliona uso wake kwenye kioo na sikupenda kuutazama. Ardith hakupunga kumharakisha. Alibaki na mikono juu, mpaka gari likaanza tena. Kushoto kidogo. Kidogo. Nyoosha. Kitambaa cha kulia kikashuka, gari likalikwepa jiwe, na simu ikalia mfukoni mwake.

Hakuigusa. Ililia mpaka ikanyamaza, ikalia tena, na mikono yake ilibaki juu mpaka gurudumu la nyuma lilipogusa gogo la mwisho wa Shimo. Akakunja ngumi zote mbili, alama ya simama. Ndipo akatoa simu.

Alisikiliza, akajibu maneno machache kwa sauti ya chini. Ramani alikuwa amenishika mkono.

— Ameamka, Ardith akatuambia. Anaongea. Nesi anasema neno lake la kwanza ameuliza nimeegesha wapi, na nani amenipigia rivasi.

— Umemjibuje? Dizeli akauliza.

— Nimemtuma nesi amwambie nimeingia kwa mbele. Na kwamba mimi ndiye niliyempigisha mtu rivasi.

Aliondoka hapo hapo kwenda kumwona, akitoka namba tisa kwa mdomo wa mbele, na safari hii alizikumbuka taa za dharura akazizima. Kona alikuwa ameshuka garini, anafuta miwani kwa shati. Alikwenda akachukua kile kiti chake cha kukunja, cha mbele kabisa, cha hukumu, akakibeba mpaka kwenye kona, akakifungua katikati ya namba tisa. Kiti kikikaa kwenye nafasi, kambini kwetu, hiyo nafasi ina mtu.

Jua lilipoanza kulala, Ramani akiwa amechemsha kahawa nyingine, wakaja vijana wawili, mke na mume, na gari jipya linalong'aa. Waliuliza kama namba tisa ina mwenyewe.

— Ina mwenyewe, Kona akasema. Kaeni hapa tuwaelekeze kwingine.

Dizeli akakohoa kusafisha koo. Nikaiona gereji inakuja. Kona akamwinulia kiganja, akawageukia wale vijana.

— Kwanza niambieni. Nani anaendesha, na nani anasimama nyuma?

Wakatazamana.