Fundi Spana na Bomba la Muda

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza kaka yangu, kamati ya mazishi imeniomba nisome wasifu huu kwa utulivu. Nitajitahidi.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Spana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba ile ile ambamo jeneza lake limetoka asubuhi hii. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mimi ni kitinda mimba. Chemchemi iko nyuma ya nyumba, bondeni. Humo alijifunza kuogelea, na humo alikamata kaa na kuwatia kwenye ndoo ya mama ili mama apige kelele. Mama alipiga kelele, kisha akampiga yeye.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya kijito, akamaliza mwaka 1978, halafu akaenda chuo cha ufundi, ambako alihitimu ufundi bomba mwaka 1982. Daftari hakulipenda hata kidogo. Lakini mpe bomba linalovuja, atasahau kula.

Mwaka 1989 aliitwa kutengeneza koki ya jiko la shule. Koki ikavuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mpishi, binti mmoja mwenye maneno yake, akamwuliza, "We fundi, hii koki ina ugonjwa gani usiopona?" Akajibu, "Sasa nikiiponya, nitarudi hapa kwa kisingizio gani?" Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2006 aliajiriwa na hoteli iliyo juu ya bonde. Ilikuwa hoteli ndogo wakati huo. Watalii walimiminika kuiona chemchemi yetu, vyumba vikaongezwa, kila chumba na bafu lake, likaja na bwawa la kuogelea. Shimo la majitaka likabaki lile lile. Lilipofurika mwaka 2015, msimamizi alimwita kaka: "Spana, laza bomba la muda literemshe huko bondeni. Ni mpaka gari la kunyonya lije tu." Kaka akalaza. Gari halikuja. Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulificha: aliamini neno "muda". Mafundi wenzake mliopo hapa mnaelewa. Kitu kikishafanya kazi, nani atarudi kukigusa?

Tangu hapo kaa wamekwisha. Mawe yamevaa ute, watoto wetu wakioga wanajikuna usiku kucha. Wageni wanapigwa picha upande wa juu, kwenye maji safi, halafu wanapanda chooni. Na pale barabarani hoteli imesimamisha bango: "Paradiso Isiyoguswa". Isiyoguswa! Mnisamehe wazee, imenyewa.

Kaka aliomba shimo jipya kila mwaka. Kila mwaka aliambiwa asubiri msimu wa wageni uishe. Mwaka jana uvumilivu ulimwishia, akaliziba bomba kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe. Uchafu ukarudi ulikotoka, ukatokea mabafuni kwa wageni. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na bomba likazibuliwa kabla ya chakula cha mchana. Nilimkuta nyumbani anacheka peke yake. "Angalau leo na wao wamenusa, dada," aliniambia.

Maji ya nyumba hii yanatoka bondeni pale pale. Tunachemsha, na siku gesi ikiisha tunakunywa hivyo hivyo, kwa sababu kiu haisubiri. Kaka alilazwa tarehe 21 Mei 2024. Daktari alisema ni homa ya matumbo, na utumbo umeshatoboka. Alipasuliwa, akafariki tarehe 2 Juni. Kamati iliniandikia nisome kwamba "aliugua kwa muda mfupi", maana hoteli imetusaidia maturubai, viti na hayo maji ya chupa mliyoshika. Nimekataa. Nina hasira, na sitaki kuificha mbele ya jeneza la kaka yangu. Wametuharibia maji ya kunywa, halafu wanatugawia ya chupa msibani, na sisi tuseme asante! Msimamizi umekaa safu ya pili. Shada lako tumeliona, ni zuri. Bomba lako liko wazi hadi dakika hii.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, dada wawili, kaka wawili na wajukuu wanne. Mjukuu wa mwisho hayupo hapa. Amelazwa tangu juzi, wodi inayofuata ile aliyofia babu yake, kwa homa ile ile.

Kaka apumzike kwa amani, amechoka. Sisi bado. Tukimaliza kufukia, majembe yasirudishwe nyumbani. Saruji iko kwenye gari, wanawe wameshaikoroga mara moja kwa ajili ya kaburi na wataikoroga tena. Tunateremka bondeni wote. Msimamizi, na wewe karibu.