Salum Kaishiwa Ngumi

Kwenye kibaraza cha duka la Vinubhai, hapa Morogoro, kuna benchi ambalo halijawahi kumsitiri mtu. Asubuhi hiyo waliokaa hapo walikuwa wakimsema Salum mpiga ngumi, mtu wa miraba minne, ambaye juzi sikukuu ya Idi aliangushwa na muuza ndizi wa Kilakala. Dadi, muuza kahawa, alimimina vikombe roho ikiwa juu. Salum alikuwa kaka yake, na siri ile aliijua: Wajerumani walikuwa wakisaka wapagazi wenye nguvu wa vita vyao, na waliochukuliwa mwaka jana hawakurudi. Salum alijiangusha ili aonekane hafai.

— Zamani alikuwa anapiga moja tu, mtu analala! alisema Kasuku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Mwaka ule reli ilipofika, si alimlaza lile pandikizi la Kilosa?

— Halafu akajua kukwepa, alidakia Yunusi fundi cherehani, waliyemwita Kadhi kwa kupenda kuhukumu. Unapiga hewa mpaka unachoka mwenyewe. Sasa ngumi hana, kukwepa hawezi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, Kadhi? Kaanguka mara moja!

— Kunyweni, inapoa, alisema Dadi.

— Kuna mtu kapanda Mgeta kwa mganga, kumfunga Salum mkono kwa dawa, alisema Kadhi.

— Mkono si kitu. Wamemwibia kivuli! Ulikiona uwanjani?

— Saa sita ile, Kasuku, chako ulikiona?

Kadhi akakunja uso.

— Lakini ngoja. Mimi nilikaa mbele. Salum alianguka kabla ngumi haijafika.

Kahawa ikamwagikia vidole vya Dadi. Aliogopa hata kujifuta.

— Yaani kajiangusha? Kasuku akapaza sauti. Sasa mzima yule ajiangushe ili...

— Salaam aleikum.

Alikuwa mtu wa boma la Wajerumani, tarabushi kichwani, kamba begani.

— Aleikum salaam.

— Huyo Salum anakaa wapi?

Kadhi akanywa kikombe kitupu. Kasuku, aliyekula ubwabwa wa Idi nyumbani kwa Salum, akaitazama milima.

— Salum yupi, bwana? aliuliza Kasuku.

Yule mtu akamgeukia Dadi.

— Na wewe?

— Mimi nauza kahawa tu, bwana. Nayo imekwisha.

Dele la kahawa lilikuwa bado zito mkononi mwake. Mtu wa boma akalitazama, akawatazama wote.

— Imekwisha kweli, alisema Kasuku, akikifunika kwa kiganja kikombe chake kilichojaa.