Mkono Wangu Ulichomwa Kwanza

Akina mama wa kikundi chetu, mnaosali Jumapili na sisi tunaoswali Ijumaa, nawasalimu nyote. Sikuwa na zamu ya kusema leo. Nimeomba zamu kwa sababu juma lililopita, tulipokuwa tunafunga mkutano, nilisikia mmoja wetu akisema mtoto wake amevimba midomo baada ya kula kwa jirani. Kisha nikasikia lile neno: sumu. Ndugu zangu, neno hilo nalijua. Limewahi kulala nyumbani kwangu.

Niliolewa hapa mtaani Bwiza miaka ya mwanzo ya vita hivi. Mume wangu ni fundi wa magari, na watu wake ni wa Kanyosha. Siku walipokuja kula kwetu mara ya kwanza niliwapikia sombe ya majani ya muhogo, nikaitia unga wa karanga kama mama yangu alivyonifundisha. Nikaonja mbele yao, kama desturi yetu inavyotaka, ili mgeni ajue chakula ni safi. Wote wakala. Kabla sahani hazijaondolewa, midomo ya mume wangu ikajaa, macho yakafungika, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi.

Alitapika, akapona. Lakini baada ya majuma machache nilipika sombe tena, mara hii bila karanga, na akavimba tena. Mara ya tatu wifi yangu hakunong'ona tena, alilitamka wazi lile neno la sumu. Nilipomwambia, "Lakini mi nilionja!" akanijibu kwa neno la Kirundi la mtu anayelisha wenzake sumu:

"Murozi naye anaonja. Alikunywa dawa yake ya kujikinga mbele ya kuonja."

Mtajiteteaje hapo? Mama mkwe akaanza kumletea mwanawe chungu kutoka Kanyosha kila njia ilipofunguka. Akila cha mama yake, mzima. Akila changu, anavimba. Nani asingeamini? Wateja wa mandazi yangu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Na mjue siku zile zilikuwaje: kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake mara mbili. Neno kama hilo liliweza kukutoa nyumbani, na hata duniani.

Familia ikakaa, ikaamua: mume arudi kwa mama yake, na mimi nirudi kwetu na mimba yangu. Usiku nikamuuliza mume wangu kama na yeye anaamini. Akasema, "Mi nakujua. Ila tumbo yangu ndiyo haikujui." Tulicheka, na mimi huku nalia.

Aliyetuokoa alikuwa jirani yangu, ambaye mtoto wake ana pumu. Alinishika mkono akasema, "We, acha kulia. Kuna dokta anayepima watu vitu ambavyo mwili yao haitaki. Muende." Nikaiomba familia isubiri kidogo. Mama mkwe akakubali kwa sharti moja: "Na mi nakuja. Nataka kuona na macho yangu."

Siku ya kwanza dokta alituuliza mengi, kisha akaturudisha. Mume wangu alikuwa anameza vidonge vya kuzuia mwasho, na vidonge hivyo huficha majibu. Akamwambia aviache kwa siku kadhaa, na mimi nikaambiwa nilete vitu vya jikoni kwangu, kidogo kidogo, kila kimoja peke yake. Nikafunga karanga, sombe, samaki wa ndagala, mawese na yai. Jiko langu lote lilikwenda kushitakiwa.

Siku ya kupima, dokta alieleza kwamba ataweka tone la kila kitu kwenye mkono, achome ngozi kidogo kwa ncha ya sindano, tusubiri. Ndipo nikasema, "Dokta, anza na mimi. Kwetu mwenye chungu ndiye anayeonja kwanza." Akatabasamu. "Vizuri," akasema, "tutapata mkono wa kulinganisha."

Mkono wangu ulibaki kama ulivyo. Mkono wa mume wangu, palipowekwa karanga, ukatoa kipele kama cha mbu, kikakua mpaka kikawa kama haragwe. Palipowekwa dawa ya dokta mwenyewe ya kupimia vumbi la nyumbani, kipele kidogo. Pengine pote, kimya.

"Ni allergie," dokta akasema.

Mama mkwe akaruka. "Alerji! Hiyo ni sumu ya wapi?"

Dokta akamweleza kwa subira. "Mama, si sumu. Mwili una mlinzi wake. Mlinzi wa mwanao ni mwoga. Akiona karanga anafikiri ni adui, anapiga risasi ovyo, na nyumba yake mwenyewe ndiyo inayoumia."

Bado alikuwa amekunja uso. Nikamwambia, "Mama, ni mzio. Karanga kwake ni kirazira."

Neno hilo la Kirundi, la kitu ambacho ukoo haukigusi, lilimfikia pale dokta asipofika. Akaugusa mkono wa mwanawe palipovimba. Kisha akasema polepole, "Huyu akiwa mutoto alitapika karanga. Nikaacha kuzipika. Nilisahau kabisa." Akamgeukia dokta. "Sasa mwili hii aliitoa wapi?"

"Labda amezaliwa nao, mama."

Akapiga makofi, akacheka mpaka shuka lake likaanguka. "Basi murozi ni mi!"

Na ile sombe isiyokuwa na karanga? Niliitwanga kwenye kinu kilekile cha karanga. Mabaki kidogo yalitosha. Leo nyumbani kwangu karanga haziingii kabisa, na kinu ni kipya. Sifagii mume wangu akiwa ndani. Napangusa kwa kitambaa chenye maji, na mashuka nayafua kwa maji ya moto. Dokta alituonya: koo likibana au pumzi ikikatika, usitegemee kidonge, kimbia hospitali. Na kipimo kile msijaribu nyumbani. Yeye alikuwa na dawa ya kuokoa mkononi.

Namshukuru jirani yangu. Namshukuru dokta. Na zaidi namshukuru mama mkwe, ambaye alirudi Kanyosha akapita nyumba kwa nyumba kulifuta jina nililopewa. Leo harusini, kabla mwanawe hajashika tonge, anasimama na kuuliza kwa sauti: "Wapishi, kuna karanga humu? Huyu kwake ni kirazira!" Nikimaliza kupika, yeye ndiye anayeonja kwanza sahani yangu, mbele ya watu wote.

Basi mama mwenzangu, mwanao akivimba, kabla hujauliza nani, uliza nini. Kesho asubuhi nitakupitia twende kwa dokta. Na jirani yako aje pia, abebe vitu vya jiko lake. Mkono wake ukichomwa kwanza, kisha wa mwanao, utaona kama ni sumu au ni mzio.