Ufunguo wa Lifti Haujarudi, na Bi. Pyo Geum-hui Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya ushindani wa haki, Bi. Pyo Geum-hui anastaafu tarehe 30 Juni. Kukaa hakukuwa kazi yake. Kiti alichopewa tulipohamia mji wa Sejong bado kina nailoni yake ya dukani mgongoni, kwa kuwa alisoma mafaili akitembea koridoni na kahawa ikimmwagikia.

Alianza na kesi za saruji, akaishia kwenye swali lililomnyima usingizi: mwenye kitu ambacho wengine hawawezi kufanya kazi bila hicho alazimishwe lini kuwashirikisha? Sisi vijana tulitaka alazimishwe kila mara. Yeye alikataa. Kaka yake alibuni vali ya sufuria ya wali, kampuni kubwa ikaiiga, naye akafunga karakana. Kwa hiyo malalamiko mengi Bi. Pyo aliyarudisha, akisema njia nyingine ipo, waitafute.

Kisha ikaja kesi ya lifti. Fundi Bang Chil-seong wa Daejeon hutengeneza lifti za maghorofa ya zamani. Kampuni iliyoziunda ilizifunga kwa namba za siri zenye hataza, yaani haki ya mbunifu inayolindwa kisheria. Lifti ikizima, haiwaki bila namba hizo hata kama kila kifaa ni kipya. Kampuni haikumuuzia namba hizo fundi yeyote wa nje. Kwenye ghorofa ya kumi na tano ya jengo mojawapo, Bibi Ok Sun-rye, mwenye magoti mabovu, hakuwa ameshuka tangu mwaka mpya.

Uchunguzi ulipoanza, kampuni iliitengeneza lifti ile bure, asubuhi moja tu. Mwenyekiti wa wakazi wa jengo hilo akaja kufuta malalamiko yao, na sanduku la peasi za shukrani. Peasi alirudi nazo.

"Mwenyekiti, wamewapa safari moja tu," Bi. Pyo alimwambia. "Ufunguo bado uko mfukoni mwao. Ikikwama tena, mtawapigia magoti?"

"Afisa, sisi shida yetu ni kushuka."

"Na wa jengo la pili je, wabaki huko huko juu?"

Mzee aliguna, lakini malalamiko hakuyafuta.

Machi mwaka huu kampuni iliamriwa kuwapa namba mafundi waliohitimu. Bi. Pyo ndiye aliyeng'ang'ania kwamba wazilipie bei ya haki, maana aliyebuni naye ametoka jasho. Tulisherehekea kwa nyama ya kuchoma. Yeye hakumaliza sahani, akasema watakata rufaa kabla hatujanawa mikono. Walikata kweli, na mahakama ikasimamisha amri hadi isikilize kesi Septemba.

Wiki iliyopita lifti ya Bibi Ok ilikwama tena. Fundi Bang alibadilisha kifaa, kisha akabaki amesimama mbele ya kioo cha lifti kisichowaka. Kampuni inasema asubiri zamu. Bi. Pyo alipanda ngazi zote na sufuria ya uji wa Bibi Ok, akarudi, akaliweka faili la kesi hiyo mezani kwangu, sasa iwe yangu. Tangu siku hiyo mimi pia nasoma nikitembea, na naogopa.

Bi. Pyo, asante kwa kutusumbua miaka yote hiyo. Tunakutakia afya, chakula kinachomalizwa, na mapumziko ukiyaweza. Septemba tutakuwekea kiti mahakamani, ingawa tunajua utasimama. Pembeni yake tutaacha nafasi ya Bibi Ok, kama atakuwa ameweza kushuka.